Kibuyu cha Juu ya Meko

Kila mwaka Jumapili ya mavuno inapokaribia, mchungaji wetu hunipigia simu. Husema, "Dada, tutakuhitaji mbele tena." Nami huenda. Husimama mbele ya watu pale kanisani Garsen, leso imefungwa kiunoni, nikawasimulia jinsi nilivyomtolea Mungu mbegu yangu ya mwisho huku maji yametuzunguka pande zote. Watu huitikia amina, akina mama hupiga vigelegele, na kwaya huanza wimbo hapo hapo kabla sijakaa. Ni ushuhuda mzuri. Umefika hadi Hola, ambako siku moja mwanamke nisiyemjua alinishika mkono sokoni akaniuliza kama ndiye mimi yule wa kibuyu. Nikamwambia ndiye.

Lakini ushuhuda huo nimezoea kuukata mahali. Naukata pale wanapopiga makofi, na miaka yote hii hakuna aliyewahi kuniuliza baada ya pale kulitokea nini. Leo nataka kwenda nao hadi mwisho, maana nimechoka kupigiwa makofi.

Nianze na mpunga wenyewe. Nyumbani tuliuita mpunga wa bibi, kwa sababu mama aliupata kwa mama yake, na huyo naye kwa mama yake. Ganda lake lilikuwa jekundu, na kila punje ilikuwa na ndevu ndefu zilizowachoma ndege koo, hivyo kwelea kwelea waliposhuka mashambani walianza na mashamba ya wenzetu. Ukipikwa, jirani wa nyumba ya tatu alijua. Na maji haukuyaogopa ukiwa bado mchanga. Mto ulipofurika mpunga nao ulinyanyuka na maji hadi yafike kifuani mwa mtu, ukaendelea kunawiri. Udhaifu wake ulikuwa mmoja tu. Ukishaiva, shina hulegea, na maji yakiukuta hivyo unalala na kuoza.

Zamani, alisema mama, kila nyumba ya Wapokomo upande wetu wa mto ilikuwa nao. Kisha ukaja ukame, yakaja mafuriko, ukaja ukame tena, na watu wakala mbegu. Huwezi kumlaumu mtu kwa kula mbegu watoto wakilia. Baada ya hapo wakazoea kungoja mbegu za msaada, zinazokuja kwa lori zikiwa zimechelewa, mpunga mfupi usiojua mto wetu. Nyumba iliyobaki na mpunga wa bibi nilivyojua mimi ilikuwa moja, ya mama, na sababu yake ilikuwa kibuyu.

Mama alikuwa na desturi yake hapo, nayo hakuivunja hata mwaka mmoja. Mpunga ukiiva, kabla mtu hajala wala kuuza, aliingia shambani peke yake na kisu kidogo, akachagua masuke mazuri kuliko yote, akayapura kwa mikono, akaanika siku tatu. Punje hizo alizitia katika kibuyu, akaziba mdomo kwa gunzi na udongo, akakitundika juu ya meko ili moshi uzuie wadudu. Na kibuyu cha mwaka jana hakikufunguliwa mpaka cha mwaka huu kimejaa. Kwa hiyo kila siku ya maisha yangu ya utotoni, nilipoinua macho kutoka kwenye sufuria, niliona kibuyu. Sikuwahi kukiwazia chochote. Kilikuwa pale kama paa lilivyokuwa pale.

Nilikwenda Bura nikiwa bado mbichi, nikaolewa huko na mkulima wa skimu ya umwagiliaji, nikakaa miaka tisa. Ndoa haikudumu, na mtoto sikupata, jambo ambalo nililia nalo mbele za Mungu hadi machozi yakakataa. Lakini Bura ilinifundisha kazi. Kulikuwa na mashamba ya mbegu yaliyopata maji ya mfereji, nami niliajiriwa humo kama kibarua. Nikajifunza kutembea mstari kwa mstari niking'oa kila mmea usiofanana na wenzake. Nikajifunza kwamba mbegu si mavuno yaliyobaki. Mbegu ni kazi ya peke yake, na anayeifanya analisha watu ambao hatawaona. Siku moja nikiwa nimeinama katikati ya mistari ile, jua la Bura likinichoma mgongo, niliukumbuka mpunga wa bibi, na nikajua nitafanya nini na maisha yangu.

Nilitaka kila mwanamke kuanzia Garsen hadi Ozi apande mpunga uliotoka shambani kwangu. Nilitaka siku lori la msaada lifike likute watu wameshapanda. Hiyo ndiyo ndoto niliyorudi nayo nyumbani, na sanduku moja, na vyeti viwili vya semina.

Watu walinicheka, na sikuwa mtu wa kuchekwa nikanyamaza. Nikipita njiani walisema, "Mwenye kampuni ya mbegu, hujambo?" Nami nilijibu, "Sijambo, foleni yako utaanzia nyuma." Mama hakucheka. Alinisikiliza jioni nzima, kisha akashusha kibuyu cha mwaka uliopita, kwa kuwa kipya kilikuwa kimeshajaa, akakiweka mapajani mwangu.

Msimu wa kwanza nilipanda kipande kisichozidi uwanja wa nyumba. Msimu wa pili nikapanda bondeni, kwenye shamba la marehemu baba. Nilifukua mfereji wa kuingiza maji kutoka kwenye mkono wa mto kwa jembe, mimi na mama, yeye akiwa na umri ambao wenzake walikuwa wakikaa uani kupepeta. Niling'oa mathenge, ile miti migeni iliyovamia mashamba, hadi miiba ikanitoboa kiatu. Kila Jumatano nilifunga, nisile hadi jua litue. Kila alfajiri, kabla ya kupanda dungu la kuamia ndege, nilisimama kwenye pembe nne za shamba nikaomba, kila pembe na ombi lake. Usidhani nilikuwa nikifanya mzaha. Nilimpenda Mungu na nilipenda kazi, na wakati ule sikuona mahali ambapo kimoja kingeweza kunitenga na kingine.

Afisa wa kilimo alikuja mara mbili kwa pikipiki. Alikuwa kijana mpole mwenye daftari lililolowa jasho. Aliniambia nikiweza kutoa magunia kumi ya mbegu safi katika msimu mmoja, atakuja na wakubwa wake kukagua, na baada ya hapo shamba langu litaandikwa kuwa shamba la mbegu. Magunia kumi! Nilipiga hesabu ya ardhi. Nikaongeza shamba la mjomba na kipande cha jirani aliyehamia Malindi. Ardhi ikatosha, lakini mbegu ikapungua kidogo kwa kona ya mwisho.

Nikaenda kwa mama. Nikamwambia nataka kibuyu.

"Kipi?" akauliza, ingawa juu ya meko kilikuwa kimoja.

"Hicho, mama."

"Hicho hakifunguliwi. Kipya hakijajaa."

Nilimweleza habari za kona. Akasema kona ibaki wazi, yeye atapanda mchicha humo. Nikamweleza habari za afisa, na za wakubwa wake. Akasema wakubwa hawajui kona ile iko wapi. Hapo ndipo nilipochukua neno la imani nikalitumia kama fimbo. Nilisema, "Mama, tukibakisha tunamwambia Mungu hatumwamini. Anayeacha akiba nyuma yake ameshapanga kushindwa." Nililisema vizuri, kwa sauti ya mtu aliyeongoza maombi ya akina mama. Mama alikuwa akiongoza maombi kanisani kabla mimi sijajua kusoma. Alishusha kibuyu. Juu ya meko pakabaki kamba tupu.

Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani nikaweka nadhiri. Nilisema shamba lote ni la Bwana, na kwamba kisu hakitaingia humo mpaka Jumapili ya mavuno, ambapo suke la kwanza litalala madhabahuni. Malimbuko kwanza, sisi baadaye. Kwetu kila mtu hutoa malimbuko, lakini hakuna aliyewahi kulifunga shamba zima hivyo. Mchungaji alifurahi. Mimi nilifurahi zaidi, maana niliona jinsi watu walivyonitazama.

Mpunga ulikuja kama nilivyouomba. Nisiseme mengi juu ya hilo, bado linaniuma. Mwezi wa kumi na moja ulipoingia shamba lote lilikuwa jekundu, ndevu zimesimama, na upepo ukipita unasikia sauti yake. Wale walionicheka walikuja kusimama ukingoni wakiwa wametulia. Afisa akapiga simu kusema watakuja kukagua Jumatatu, siku moja baada ya Jumapili ya mavuno. Nilipiga magoti pale pale kwenye matope.

Wiki hiyo ya mwisho, Jumatatu, alikuja mwanamke wa Kiorma aliyekuwa akituuzia maziwa. Tulifahamiana miaka mingi. Watu wake walikuwa na ng'ombe malishoni upande wa pili wa bonde letu, na kila kiangazi walikuwa wakishuka mtoni. Alitua madumu yake, lakini hakuuliza tunataka kiasi gani.

"Dada," akasema, "kata mpunga yako. Maji nakuja. Ndugu yangu iko Garissa, napiga simu jana, nasema mto najaa sana. Sisi natoa ng'ombe kesho."

Nilitazama juu. Mbingu ilikuwa safi, hakuna hata wingu. Lakini hilo si kitu kwetu. Maji yanayotuzamisha hunyesha kwa watu wengine, mbali juu milimani, na kutoka Garissa hadi kwetu huchukua siku nne, siku tano. Mtoto wa Tana anajua hivyo kabla hajajua kuhesabu siku zenyewe.

"Jumapili nitakata," nikamwambia. "Mungu analijua shamba lake."

Aliinamia madumu yake. Kisha akasema, bila ubaya wowote, "Mungu najua. Sasa na wewe pia najua." Akajitwika madumu yake akaenda.

Jumanne redio ikatangaza kwamba mabwawa ya juu yanamwaga maji. Jirani zetu wakaanza kukata, wengine wakikata mahindi mabichi, wengine wakibeba ndizi ambazo hazijakomaa. Bonde zima lilijaa watu walioinama. Mimi nilizunguka shamba langu mikono mitupu. Nilifunga Jumatano, na Alhamisi nikafunga tena. Niliomba maji yasimame siku tatu tu, siku tatu, na nilikuwa na uhakika kiasi kwamba nilishaanza kuutunga ushuhuda.

Mchungaji mwenyewe alipiga simu. Alisema, "Dada, kateni huo mpunga. Mungu haangalii kalenda." Ningeweza kuitikia ndiyo. Neno moja tu, na watu ishirini wangeingia shambani alasiri hiyo na visu. Badala yake nilimjibu kwamba nadhiri ni nadhiri, na kwamba yeye ndiye aliyetufundisha hivyo. Halafu akasema imani yangu ni kubwa, na nikasikia kwa sauti yake kwamba ameona haya. Nilikata simu nimeridhika.

Alhamisi hiyo hiyo nilirudi nyumbani kutoka kwa maombi ya akina mama nikakuta kibuyu kimetundikwa juu ya meko. Udongo wa mdomoni ulikuwa bado mbichi. Mama alikuwa ameketi kwenye kibao akipuliza moto, na miguuni alikuwa na tope la shambani.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimekata ya kibuyu."

"Kabla ya malimbuko?"

"Ya kibuyu tu. Haikukauka vizuri, nimeanika tangu juzi, lakini moshi utamaliza."

Kumbe alikuwa ameingia tangu Jumanne, mimi nikiwa upande wa pili nikiomba. Kwa akili zangu za siku ile, nilikuwa nimeshindwa kuelewa kwa nini maji hayajasimama. Nikaona nimepata sababu. Nilimwambia mama yangu mzazi, tena kwa sauti iliyofika kwa jirani, "Umeiba! Umeiba malimbuko ya Mungu, na maji yakija yatakuwa juu yako!"

Aliacha kupuliza moto. Nilipoinua mkono kukishusha kibuyu, alisimama akajiweka kati yangu na meko, mwanamke mfupi ambaye kichwa chake kilinifika begani, na nikaogopa jinsi alivyonitazama. Nikatoka nje.

Ijumaa maji yaliingia. Kwanza mfereji wangu, ule niliouchimba kwa mikono yangu, ulianza kwenda kinyume, ukileta povu na vijiti. Kufikia jioni shamba lilikuwa kioo. Jumamosi asubuhi niliona ndevu za mpunga juu ya maji, zimesambaa pande zote. Adhuhuri hazikuonekana tena. Jua lilikuwa likiwaka kama kawaida. Nilisimama ukingoni na kisu mkononi, kisu ambacho sasa nadhiri yangu haikuwa na kazi nacho, hadi mjomba akanivuta kwa nguvu kunipeleka kwenye mtumbwi.

Mama alikuwa ameshakaa ndani yake. Hakubeba blanketi, hakubeba sufuria. Alikuwa amekumbatia kibuyu kifuani kwa mikono miwili. Sanduku langu lenye vyeti vya Bura lilibaki ndani ya nyumba.

Tulipelekwa kwenye uwanja wa shule ulio juu kidogo, karibu na barabara. Watu wa vijiji vyetu vyote walikuwa pale, na mbuzi, na kuku, na wazee waliobebwa mgongoni. Barabara ilikuwa imekatika pande zote mbili, chakula kilikuwa bado hakijaletwa. Usiniulize hali yangu siku hiyo. Nilikuwa nimeketi chini, na kila aliyepita alinipa pole kwa sauti ya chini, na katika kila pole nilisikia swali. Yule wa nadhiri. Yule aliyefunga. Sasa?

Jumapili ikafika, ile ile. Mchungaji alisema hatutaacha kumshukuru Mungu kwa sababu ya maji. Tukakusanyika chini ya turubai. Alipotangaza malimbuko, watu walikwenda mbele na vilivyookolewa: kuku mmoja, mkungu wa ndizi mbichi, mahindi katika mfuko wa nailoni, kikapu cha mpunga mchanga wa zile mbegu za msaada. Nilikuwa nimekaa nyuma na mama. Nilikuwa mikono mitupu, mimi niliyeahidi shamba zima. Kisha nikakitazama kibuyu.

Nilimwambia mama kwa kunong'ona, "Nipe."

Alitikisa kichwa.

"Mama, kilitoka kwenye shamba la Bwana. Ni chake. Usinifanye niwe mwongo mbele ya watu."

Nilishika shingo ya kibuyu. Naye alikishika tumboni, vidole vyake vimekauka, vimejaa makovu ya visu vya mavuno ya miaka yote. Hatukuvutana. Nilingoja tu nikimtazama, nikijua yeye ni mtu asiyeweza kugombana kanisani. Mkono wake ukalegea.

Nikasimama, nikaenda mbele, nikakiweka. Mchungaji aliniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, hii si mbegu?" Nikasema kwa sauti ya juu ili wote wasikie, "Ni mbegu ya mwisho, na ni ya Bwana." Hapo ndipo makofi yalipoanza. Watu walilia. Mimi nililia. Mwanamke mmoja alianguka magoti. Na katika machozi yale yote, nikiri leo, palikuwa na utamu, utamu wa kuinuliwa tena mbele ya watu walioanza kunihurumia.

Ushuhuda ninaoutoa kila mwaka huishia hapo.

Baada ya ibada wazee wa kanisa waliketi kidogo. Palikuwa na watoto ambao hawakuwa wamekula tangu Ijumaa, palikuwa na mama mmoja aliyejifungua kwenye mtumbwi. Wakaamua malimbuko yote yaingie chunguni, na walikuwa sawa. Ningekuwa mzee wa kanisa ningeamua vivyo hivyo. Kinu kikapatikana kwa mwalimu wa shule. Na kwa kuwa mpunga wa bibi haukuwa ukijulikana tena na wasichana, ndevu zake zinachoma na ganda lake ni gumu, wakauliza nani anajua kuutwanga. Wakamwita mama.

Aliinuka. Alijifunga leso, akabandua udongo wa mdomoni mwa kibuyu kwa kucha, akamimina. Nilikisikia kibuyu kikitoa punje zake ndani ya kinu. Akashika mchi. Alitwanga peke yake, bila wimbo, akapepeta, akarudisha, akatwanga tena. Nilikuwa hatua kumi kutoka pale nikishikwa mikono na watu waliokuja kunibariki. Sikwenda kumpokea mchi. Sijui kwa nini sikwenda. Najua, lakini sipendi kulisema.

Walichanganya mpunga wetu na ule wa kikapu, wakapika katika sufuria la shule. Harufu ilienea uwanja mzima, na wazee wawili watatu waliinua vichwa vyao, wakatazamana. Mama mwenyewe ndiye aliyenipakulia. Aliniletea sahani ya plastiki, akainama, akaniwekea mapajani, kama alivyoniwekea kibuyu siku ile ya kwanza.

"Kula," akasema. "Ndilo shamba."

Nilikula. Nilikuwa na njaa ya siku za kufunga na za maji, na ulikuwa mtamu.

Jumatatu asubuhi simu yangu ikalia. Alikuwa afisa wa kilimo, amekwama Minjila, barabara imekatika. Alinipa pole ya kweli. Halafu akasema, "Mama, lakini usife moyo. Shamba limekwenda, sawa. Hiyo mbegu yenyewe imebaki kiasi gani? Nimeshazungumza na wakubwa. Mkiwa na hata kikombe kimoja, wataihifadhi, wataizalisha wao, watawarudishia. Hata kikombe kimoja."

Nilimwambia nitamjulisha. Nikazima simu.

Mama alikuwa ameketi kwenye kivuli cha darasa akisuka ukili. "Amesema nini?" akauliza.

"Ametupa pole," nikasema.

Nilizunguka nyuma ya jiko la shule, mahali kinu kilipokuwa. Makapi mekundu yalikuwa yametapakaa chini, mengine yamekanyagwa matopeni. Nilipiga magoti, si kwa kuomba. Nikaanza kuyapekua makapi kwa vidole, ganda kwa ganda, nikitafuta punje moja iliyoruka kutoka kinuni, mbili, tano, kitu cha kuanzia. Niliingiza mkono ndani ya kinu nikapapasa chini. Nilikwangua ufa wake kwa ukucha. Nilikitikisa kibuyu kilichokuwa kimetupwa pembeni, nikasikia kimya. Kuku walikuwa wamepita. Sijui nilikaa pale muda gani, hadi nikaona miguu ya mama mbele yangu.

Hakuniuliza natafuta nini.

"Inuka," akasema. "Nilishatafuta mimi, jana, walipokuwa wakila."

Nikabaki nimeinama. Sikuweza kumtazama.

"Wakati natwanga ningeweza kuficha konzi moja kwenye leso," akasema tena, polepole. "Mkono ulishaingia. Lakini ulikuwa umeshaniita mwizi."

Akaokota kibuyu, akakipangusa tope kwa pindo la leso yake, akanipa nikibebe. Tukarudi uwanjani kwa wenzetu.